Mateka Naye Kaingia Kucheza

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiwa imekaza mpaka watu wanacheza na makoti, nilikuwa kwenye chumba kimoja cha gemu Kaloleni, kompyuta ya tatu kutoka mlangoni. Ya nne alikaa chalii mmoja ambaye kwa kumtazama hata miaka ishirini hajaigusa. Alikuwa amelipa saa mbili, shilingi 2,000, na ndani ya gemu, Grand Theft Auto V (GTA V), alikuwa dereva teksi. Dakika kumi hivi baada ya kuanza akaingia benki ya Fleeca kuweka hela alizokusanya. Majambazi wanne wakaingia nyuma yake. Inua mikono, geukia ukuta. Akainua, akageuka.

Nikaendelea na mambo yangu. Nikatoka kununua chai na chapati mbili, nikarudi. Bado kageukia ukuta. Kwenye skrini yake hakukuwa na kitu kingine: ukuta, ukingo wa kaunta, na mikono yake mwenyewe juu. Kwenye hedifoni alizokuwa amezining'iniza shingoni nilisikia wenzake wakibishana. "Afande, mateka ni mmoja, nataka njia nyeupe na msitandaze misumari barabarani." "Njia nakupa, misumari siahidi." Wakarudi mwanzo. Wakabishana tena. Chalii alikuwa ameondoa mkono kwenye kipanya, anapasha vidole kwa pumzi.

Mwisho polisi wakavamia. Risasi ya kwanza ya polisi ikampata yeye. Akalala sakafuni akisubiri gari la wagonjwa, na kabla halijafika mwenye chumba akamgusa bega: "Dogo, muda."

Kanuni hata moja haikuvunjwa usiku ule. Nalijua hilo kwa sababu mimi ni mmoja wa wasimamizi wa seva ile, yaani uwanja wa mtandaoni tunapokutania kucheza, na siku ya pili nilisoma taarifa za pande zote mbili. Polisi waliridhika. Majambazi walilalamika kidogo kuhusu misumari. Taarifa ya chalii haikuwepo, kwa kuwa hakuna aliyemwomba.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kwa ufupi. GTA V ilitoka Septemba 2013, na toleo la kompyuta likafuata Aprili 2015. Programu ya FiveM inawawezesha watu kufungua seva zao wenyewe ndani ya mji ule wa kubuni, Los Santos, na kuweka sheria zao. Imekua kiasi kwamba Agosti 2023 kampuni ya Rockstar Games, yenye gemu yenyewe, iliichukua timu ya Cfx.re iliyoitengeneza. Kwenye seva za kuigiza maisha huingii kupiga risasi ovyo. Unachukua kazi, polisi, daktari, fundi gari, mwizi, na unaishi kwa sauti yako mwenyewe kupitia maiki. Yetu ina watu wa Arusha, Moshi, Dar es Salaam na Mombasa, na Kiswahili cha humo kina ladha zote hizo.

Sheria za kuteka zinafanana karibu kila seva. Benki haiguswi mpaka idadi fulani ya polisi iwe kazini. Mateka mmoja ananunua sharti moja: wawili, masharti mawili; watatu, matatu. Huruhusiwi kumtumia rafiki yako kama mateka wa kupanga. Aliyenyooshewa bunduki lazima aogope, ajali uhai wake kana kwamba ni mmoja tu, na hiyo ndiyo tunaiita kanuni ya uhai. Na huruhusiwi kujichomoa, yaani kuzima gemu ili kukwepa tukio.

Kila moja ina sababu yake, nami sizipingi. Ila zisome tena ukiwa umekaa kwenye kiti cha yule chalii. Zote ni mapatano ya watu wawili, polisi na jambazi. Wa tatu ametajwa kama noti: anahesabiwa, anabadilishwa na kitu, anakatazwa kuondoka. Ndiyo maana nasema tunapobishana kama tukio lilikuwa la haki, tunapima mizani isiyo kamili. Tunauliza kama polisi walikuwa wengi mno au kama majambazi walipewa nafasi ya kukimbia. Swali la kwanza lingekuwa mateka alipata nini kwa muda wake. Naye kaingia kucheza. Bando ni lake, saa ni yake.

Nichukue lile katazo la mateka wa kupanga, maana hapo ndipo ugonjwa unapoonekana. Kila wiki tunawakamata watu wamempeleka jamaa yao benki, kajifanya raia mwema, kanyoosha mikono, na baada ya tukio wanagawana naye mzigo. Tunawafungia siku tatu, wiki inayofuata wanakuja wengine. Nilipowauliza vijana wa genge moja kwa nini wasichukue mtu wa kawaida, jibu lao lilikuwa rahisi: mtu wa kawaida ananuna. Anaitikia mkato, anakaa kimya, wengine wanakutukana pembeni kwenye Discord, programu ya kuchati ya wachezaji. Rafiki yako angalau atalia, atakuomba umpigie mama yake simu, atafanya tukio liwe na uhai.

Hawa vijana wanavunja sheria, sawa, lakini wametuonyesha kasoro tuliyoitengeneza wenyewe. Kuwa mateka kwenye seva zetu ni adhabu, kwa hiyo hakuna anayeitaka, kwa hiyo watu wanatafuta mateka wa bandia. Unaweza kufungia watu mpaka uchoke. Kama nafasi ya mateka ingekuwa na kitu cha kufanya ndani yake, soko la mateka wa kupanga lingekosa wateja.

Na mateka wa kweli, katika dunia hii ya kweli, hakuwahi kuwa noti. Tarehe 23 Agosti 1973 Jan-Erik Olsson aliingia na silaha kwenye benki ya Kreditbanken, uwanja wa Norrmalmstorg mjini Stockholm, na wafanyakazi wanne wa benki wakashikiliwa mpaka tarehe 28. Watu wengi wanalijua tukio hilo kwa jina la ugonjwa wa Stockholm, ile dhana kwamba mateka humpenda aliyemteka. Kinachosahaulika ni simu. Mmoja wa wale wanne, Kristin Enmark, alizungumza na waziri mkuu wa Sweden, Olof Palme, akiwa bado ndani, na akamwambia kwamba kinachomtia hofu ni polisi kuvamia, kuliko wale waliomshika. Wengine walisikia ugonjwa. Mimi nasikia mtu anayepiga hesabu ya uhai wake kwa akili timamu: nani mwenye haraka hapa, na haraka yake itaniua?

Sasa mlete mtu huyo kwenye gemu. Mateka anayeshika simu na kuzungumza na kamanda mwenyewe. Anayeweza kusema, "Afande, msije, huyu wa mlangoni mkono unamtetemeka." Anayeweza kumbembeleza jambazi, kumdanganya, kumtibu, kujifanya ana pumu. Hiyo ni nafasi nzuri kuliko ya polisi wa kumi anayesubiri nyuma ya gari. Tumeifuta kwa sentensi moja: geukia ukuta. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba jambazi akimchukua mtu, anabeba jukumu la kumchezesha. Ndani ya dakika tano awe amempa kitu cha kusema au kufanya. Asipofanya hivyo, mateka huyo hahesabiki kwenye mizani ya masharti, kama vile hayupo.

Suala la muda ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu polisi wetu wanalitetea kwa kusema wanaiga polisi halisi. Ni kweli wanaiga. Septemba 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, wanamichezo na makocha 11 wa Israel walipoteza maisha baada ya kutekwa, na jaribio la polisi kuwaokoa likaharibika vibaya. Baada ya hapo polisi wa New York, Harvey Schlossberg, aliyekuwa pia na shahada ya uzamivu ya saikolojia, na mwenzake Frank Bolz, walijenga utaratibu ambao umesambaa duniani: zungushia eneo, zungumza, vuta muda. Ulifanya kazi kwa sababu ya mwili wa binadamu. Mtekaji anachoka. Anasikia njaa, anataka kwenda chooni, hasira inashuka, anaanza kumwona mateka kuwa mtu. Kila saa inayopita inampendelea anayesubiri nje.

Kwenye gemu hakuna mwili. Jambazi aliyeko Sakina anakula mtori nyumbani kwao huku bunduki imenyooshwa. Polisi yuko kitandani na laptopu tumboni. Hakuna anayechoka kwa sababu ya tukio, isipokuwa mmoja tu, yule asiye na la kufanya. Kwa hiyo ukivuta muda kwenye gemu humbani mtekaji, unambana mateka. Mbinu iliyobuniwa kuokoa mateka inakuwa ndiyo inayomtesa. Nimewaambia maafande wetu hivyo mara nyingi, na nitaendelea kuwaambia.

Pendekezo langu ni dakika 20 tangu polisi na majambazi wazungumze mara ya kwanza. Zikiisha bila mapatano, mateka anaachiwa, tukio linaendelea bila yeye. Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu tayari limekuja: polisi watakaa kimya tu mpaka dakika ya 20 ifike. Ndiyo, watafanya hivyo, wachezaji ni wachezaji. Kwa hiyo kila sharti likitamkwa, mzungumzaji wa polisi ana dakika tatu za kujibu ndiyo, hapana, au kutoa badala yake. Akinyamaza, sharti limekubaliwa. Na kwa upande wa pili, jambazi akibadilisha sharti lililokwisha kubaliwa, anapoteza mateka mmoja. Tulijaribu utaratibu huu kwa usiku tatu. Maneno yalipungua, ila yaliyobaki yalikuwa na uzito.

Polisi nao nina jambo nao. Kanuni ya uhai imeandikwa kana kwamba inamhusu aliyenyooshewa bunduki peke yake. Tunamwadhibu raia asiyeogopa, lakini afande anayefyatua risasi chumba kina watu wawili wasio na hatia, tunamhesabia ushindi kwa sababu majambazi wamelala chini. Polisi anatakiwa kuuogopa msiba wa mateka kama mateka anavyoogopa bunduki. Uvamizi uliompiga mateka uandikwe kama operesheni iliyoshindwa, hata kama hela zote zimerudi benki, na kamanda wa usiku huo aeleze mbele ya wote alifikiri nini.

Na kuahidi. Hapa nimebishana na rafiki yangu mmoja anayecheza kamanda, mtu makini sana, anayesema polisi kumdanganya jambazi ni sehemu ya igizo. Mara moja, labda. Ila seva yetu ni kijiji, Jumapili wanakutana walewale wa Jumamosi. Ukiahidi njia nyeupe kisha ukatandaza misumari darajani, umeshinda usiku mmoja, na umemfundisha kila jambazi kwamba maneno yako ni ya kupotezea muda. Wiki inayofuata hawatazungumza. Watampiga mateka wa kwanza ili uwaamini. Nimeona ikitokea, na aliyelipia hakuwa kamanda.

Kuna tukio la kwetu ambalo huwa nawakumbusha. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania, Boeing 737, ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ikapitishwa Nairobi, Jeddah, Athens, ikaishia Stansted nchini Uingereza, na tarehe 28 watekaji wakajisalimisha baada ya mazungumzo. Sharti lao kubwa lilikuwa Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Hakujiuzulu, aliondoka mwenyewe mwaka 1985. Vijana wa magenge wanaonilalamikia kwamba "hatukupewa tulichoomba, si haki", nawaomba wakae na tukio hilo kidogo. Kunyimwa ulichodai si kuonewa. Kuonewa ni kukosa mtu wa kuzungumza naye kwa ukweli.

Nije kwenye mambo yanayotuhusu sisi zaidi, na ambayo sheria zilizonakiliwa kutoka seva za Ulaya haziyajui.

Umeme. Mateka anapopotea katikati ya tukio, mfumo unaandika kajichomoa. Lakini mtaa mzima wa Unga Limited unaweza kuwa gizani, au bando limeisha, au seva iko Ulaya na mawimbi yanachukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, gemu linakwama, linamtupa nje. Kumfungia mtu kwa sababu mtaa wao umekatika umeme ni dhuluma. Sisi sasa tunampa dakika 15 za kurudi, na asiporudi tunauliza kabla ya kuandika. Wako wanaotumia mwanya huo kudanganya. Nakubali wanne wadanganye kuliko mmoja aonewe.

Na vyumba vya gemu vyenyewe. Sheria inakataza kutumia habari za nje ya igizo, na walioiandika walikuwa wanafikiria Discord. Hawakuwahi kufikiria polisi na jambazi wamekaa viti viwili vinavyogusana, kila mmoja anaiona skrini ya mwenzake kwa jicho la pembeni. Hapo hata ukitaka kuwa mwaminifu, jicho limeshaona. Baadhi ya wenye vyumba wameanza kutenganisha: polisi safu ya dirishani, wengine safu ya ukutani. Ni jambo dogo linalosaidia kuliko kurasa tatu za kanuni.

Lililobaki ni zito, na limenichukua muda kulisema.

Kuna dada wa Moshi anayecheza muuguzi, mmoja wa wachezaji wetu bora. Usiku mmoja genge lilimchukua nje ya hospitali ya gemu, likamtia kwenye buti la gari, likaondoka naye taa zimezimwa. Alinyamaza. Wakasifiana kwamba anaigiza vizuri. Baada ya dakika chache akapotea kwenye seva. Mfumo uliandika kajichomoa, umeme wa kwao ulikuwepo, na adhabu ya siku tatu niliitoa mimi. Siku ya nne alinitumia ujumbe wa sauti, mfupi, wa upole. Alisema lile buti na neno lile vilimgusa mahali ambapo asingependa kueleza, na kwamba hakujua namna ya kusimamisha bila kuvunja sheria. Sikumuuliza zaidi. Nilifuta adhabu, nikakaa na aibu yangu.

Neno kutekwa, hapa nchini, si neno la gemu peke yake. Kuna familia ambazo gari lisilo na namba likisimama nje usiku, chai inabaki mezani bila kunywewa. Hatuwezi kujua ni nani kati ya wachezaji mia anatoka kwenye nyumba kama hiyo, na hatuna haki ya kumtaka ajieleze ndipo tumruhusu kupumua. Kwa hiyo pawe na neno moja, likitamkwa kila kitu kinasimama, mtu anatoka, na hakuna anayeuliza kwa nini, wala leo wala kesho. Sisi tumechagua "hodi". Linatamkika haraka, halifanani na maneno ya ugomvi, na kila mtu analijua tangu mtoto. Dada yule ndiye aliyelichagua.

Wapo waliosema litaua uhalisia, watu watapiga hodi kila wakibanwa. Hofu hiyo naielewa. Ila uhalisia wa nani? Jambazi haendi jela ya kweli, polisi hafi. Wote wawili wana milango yao ya kutokea ndani ya igizo, kukimbia, kujisalimisha, kurudi nyuma. Mateka peke yake ndiye tuliyemfungia kwa dhati.

Sijaweza kumaliza suala la malipo. Nilipendekeza mateka apate fungu kutoka mfuko wa seva, ili muda wake utambuliwe. Kamanda rafiki yangu akanijibu kwa swali ambalo bado ninalo: tukianza kumlipa mateka, si watu watapanga foleni Fleeca wakisubiri kutekwa, na wale mateka wa bandia tuliowafukuza mlangoni watarudi kupitia dirishani? Nimefikiria kulipa kwa zamu, mtu asilipwe zaidi ya mara moja kwa wiki. Nimefikiria kutolipa hela, bali kumwachia mateka kura ya kwanza tunapojadili tukio. Hilo la kura ndilo ninaloliegemea kwa sasa. Nimemwomba yule chalii wa Kaloleni aje Jumamosi tulijadili, na saa hizo mbili nitamlipia mimi.